Kabla ya kuchagua mji, chagueni mwezi

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Hamburg, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka mitano. Desemba mama mkwe anakuja kutoka Marangu, na tumeweka akiba ili twende naye kaskazini kabisa. Mume anataka Tromsø, Norway, akaone zile taa za kijani angani. Mimi nataka Rovaniemi, Finland: mtoto anamtaka Baba Krismasi, tena kule ni kusini zaidi, baridi haitamtesa mama na magoti yake. Mume anasema Rovaniemi ni duka la vinyago. Wiki ya pili sasa tunaongea mambo ya mtoto tu. Nani yuko sahihi? – Mke wa Mchaga*

Marahaba mwanangu. Nianze na linalouma: kwenye baridi umekosea. Tromsø iko kama kilomita 350 juu ya Duara la Aktiki, ule mstari wa ramani unaozunguka kaskazini ya dunia, lakini inakaa baharini, na mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unaikinga. Januari kule wastani ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Rovaniemi iko bara, mbali na bahari, na mwezi huohuo wastani ni kama 11 chini. Ikikasirika inafika 30. Kwa hiyo hiyo hoja ya "kusini zaidi" kairudishe kwa mumeo, na umwombe radhi.

Usidhani kwamba yeye ndiye ameshinda. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mchana kuna weupe wa bluu kwa saa chache, kisha giza. Kwa kijana anayewinda taa ni raha. Kwa bibi aliyezoea kuamka na jua la mgombani, sijui. Tena pwani ile haikosi mawingu. Mimi nilikwenda Desemba, usiku mitatu, sikuona hata uzi wa kijani. Nilichopata ni kuteleza mlangoni mwa duka na kukaa kitako. Mvua hunyesha juu ya theluji, usiku inaganda, na mji wenyewe ni miteremko. Fikiria magoti ya mama hapo.

Kama tiketi yake haijakatwa, msogezeni hadi Machi. Shule za Hamburg zina likizo ya Machi, mchana unakuwa umerudi, theluji bado imejaa, na usiku una giza la kutosha kwa taa. Krismasi, Rovaniemi bei hupanda na foleni ya Baba Krismasi haina mwisho. Ila mzee mwenyewe yupo mwaka mzima, kwenye kijiji chake kilomita 8 kaskazini ya mjini, pale penye mstari wa Duara la Aktiki. Kumwona ni bure. Picha ndiyo wanakuuzia.

Na hapo nasema Rovaniemi. Mtoto wa miaka mitano anamwamini Baba Krismasi leo. Akifika wa nane atamcheka. Taa za angani zitamsubiri baba yake. Hilo la duka la vinyago lina ukweli kidogo, simbishii. Lakini mji wenyewe una historia: Wajerumani waliuchoma 1944 walipokuwa wanarudi nyuma, na Alvar Aalto, msanifu majengo wa Finland, akauchorea ramani mpya yenye umbo la pembe za kulungu wa kule. Mumeo aanzie makumbusho ya Arktikum. Usiku ukiwa mweupe wa nyota, amchukue mama wasimame ukingoni mwa mto, mbali na taa za barabara. Taa za kijani huonekana Rovaniemi pia, si mara nyingi kama Tromsø, ila bara mbingu huwa wazi zaidi.

Tromsø iwekeni ya nyinyi wawili, mwaka mwingine. Huko mtapanda gari la kamba hadi mlima wa Storsteinen, mita 421, mkaione ile kanisa nyeupe ya 1965 ng'ambo ya daraja, iliyojengwa kama mapande ya barafu yaliyoegemezana. Ni ya Kilutheri. Mama akisikia ataitaka. Mkisafiri na yeye tena, mpelekeni.

Lakini mwanangu, barua yako nzima haina neno moja la mama mwenyewe. Huyu mtu ameitazama theluji ya Kibo tangu utoto, akiwa na jembe mkononi, na sidhani kama amewahi kuigusa. Mpigieni leo, mume akiwa karibu, simu ikiwa kwenye spika, mumuulize anataka nini. Halafu mumuulize namba ya kiatu. Buti mzinunue namba moja juu, soksi ya sufu ipate nafasi. Buti inayobana ndiyo inayogandisha vidole.