Maswali ya Wasomaji: Shilingi Iliyosuguliwa kwa Ndimu

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu aliniachia mkebe wenye shilingi tano za simba, zote za mwaka 1924. Kwa kuwa zilikuwa zimepiga weusi, niliisugua moja kwa ndimu na jivu hata ikameta kama mpya. Mnunuzi mmoja hapa mjini alizichukua kwa hamu zile nyeusi kuziangalia, lakini ile ya kumeta akaiweka kando na kusema kuwa haina daraja tena. Je, alitaka kunipunja?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana, ndugu yangu, alikuambia kweli. Shilingi hiyo ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ina uzito wa gramu 7.8 hivi, na robo yake tu ndiyo fedha, maana yake ni kwamba ukiipeleka kwa sonara unampa fedha isiyofika hata gramu mbili. Anayeinunua kwa bei ya maana hanunui madini. Ananunua uso wake, kama ulivyotoka kiwandani. Sarafu inapopigwa kwa kalibu, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mistari myembamba mno, ambayo ndiyo huufanya mwanga uzunguke kama gurudumu unapoigeuza sarafu mpya chini ya taa. Jivu ni msasa, nalo limeikwangua mistari hiyo, kwa hiyo mmeto unaouona sasa ni wa mikwaruzo. Weusi ulioondoa ulikuwa utando tu wa fedha iliyokutana na salfa ya hewani, wala haukuwa uchafu.

Madaraja yenyewe, yaani viwango vya hali ya sarafu, hupimwa kwa namba 1 hadi 70. Kipimo hicho kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, akitarajia kuwa sarafu ya daraja la 70 ingeuzwa mara 70 ya bei ya ile ya daraja la 1. Bei za sokoni hazikumtii hata kidogo, lakini namba zake zikabaki. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijatumika; kati ya 50 na 58 imeguswa kidogo tu kwenye sehemu zilizoinuka; katika 20 na 30 umbo lote linaonekana lakini nakshi ndogo zimelainika; chini ya hapo ni sarafu iliyozunguka sana masokoni.

Chukua moja ya zile nne zilizobaki, uishike kwa ukingo, uiinamishe chini ya taa moja, kisha utazame kwa lenzi ya kukuza mara tano: kwanza nyusi na masharubu ya Mfalme George V wa Uingereza, aliye upande mmoja, halafu manyoya ya shingo ya simba na bega lake, kwa sababu mahali palipoinuka ndipo panapolika kwanza. Hiyo uliyoisugua, hata ukiipeleka kwa makampuni ya Marekani kama PCGS au NGC, ambayo hufunga sarafu ndani ya kasha la plastiki pamoja na daraja lake, itaandikiwa kwamba ilisafishwa, na haitapewa namba.

SWALI: Nina senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936, yenye jina la Edward VIII. Naambiwa ni mali kubwa, kwa kuwa mfalme huyo alijiuzulu kabla ya kutawazwa. Ni kweli?
Msomaji, Mbale

JIBU: Habari za mfalme ni za kweli, ila utajiri haupo. Kwa kuwa sarafu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, viwanda havikuhitaji kusubiri picha yake, basi zilipigwa kwa wingi na bado zinapatikana kwa urahisi. Kinachoipandisha yako ni hali na rangi: shaba iliyobaki nyekundu kama siku ya kwanza hupendwa kuliko ya hudhurungi, na nyekundu ya kupakwa au kuchovywa hutambulika upesi. Tazama ncha za pembe za ndovu kuzunguka tundu. Zikiwa butu, usitarajie mengi.

SWALI: Nihifadhi sarafu zangu katika nini?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Epuka ile mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kwa maana huachia ute wa kijani unaokula shaba. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo kavu, itakutosha, na kwa sababu unaishi kando ya ziwa penye unyevu, tia humo vile vifuko vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya boksi za viatu.