Prado ya lami na ya shamba: tairi gani?
Kaka, umeuliza kama ufunge M/T, zile za tope, kwenye Prado yako kwa ajili ya njia ya shamba, wakati wiki nzima uko kwenye lami ya Dar na Morogoro. Usifunge. Chukua A/T, zile za lami na vumbi kwa pamoja.

M/T kazi yake ni tope. Meno yake yameachana sana ili tope litoke tairi likizunguka, na nafasi hiyohiyo ndiyo inayokuponza kwenye lami, maana mpira unaogusa barabara ni kidogo. Mvua ikinyesha gari linachelewa kusimama, ukifika 80 redio huisikii, na mafuta yanakwenda. A/T nayo kwenye udongo mweusi ulioloa itakwama, sikudanganyi: meno yanajaa, tairi linabaki laini kama andazi. Ila vumbi na changarawe inapita bila shida.

Mchanga ni habari nyingine. Pale meno yanachimba tu; kinachosaidia ni upepo. Mimi nashusha kutoka PSI 32 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) hadi 18, tairi linatanuka, gari linaelea juu. Beba pampu lakini, ujaze kabla ya kurudi lami, kwani ukikimbia na upepo huo mdogo tairi linachemka na linaweza kupasuka.

Na dukani soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 2319 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Mimi niliuziwa "mpya" ya miaka sita, nikagundua nimeshafika nyumbani.