Mgonjwa akibadilika ghafla naganda: anza na pumzi

Mdogo wangu, unasema uko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, umepangiwa wodi ya watu wazima, na mgonjwa akibadilika ghafla unaganda. Wengi tulianzia hapo.

Hesabu pumzi mwenyewe, dakika nzima, bila kumwambia mgonjwa unahesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Nimeshaona chati ya zamu nzima imejazwa 20, 20, 20. Huo ni uvivu, tena wa hatari, kwa sababu mara nyingi pumzi hupanda kabla presha haijashuka. Mwenye 28 akikuambia "sijambo", mwite mkuu wa zamu hata hivyo.

Akizidiwa, usikimbilie kidonda kwa kuwa kinatisha. Njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu (pima pia sukari ya damu), halafu mfunue umkague mwili mzima. Kila tatizo ulishughulikie hapohapo, na omba msaada mapema.

Mkojo nao husahaulika: mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, toa taarifa.

Na mnapokabidhiana zamu, uliza ni mgonjwa yupi anayewatia wasiwasi.