Pilau ya mchele wa Kyela kuwa na uchungu

Dada, pole. Umesema unaongeza viungo lakini pilau inatoka chungu na mchele haunukii. Umezidisha! Mchele wa Kyela unanukia wenyewe. Kwa kilo 1 mimi natia karafuu 4, iliki 6 zilizopondwa kidogo tu hadi ganda lipasuke, kijiti cha mdalasini na kijiko cha chai cha bizari nzima. Punguza mkaa kwanza. Kitunguu kikiwa cha kahawia, tia viungo. Bizari ikinukia tu, mimina supu. Bizari ikiwa nyeusi, anza upya, uchungu ule hautoki. Mbeya tuko juu, wali huchelewa kuiva, kwa hiyo palia kwa subira. Na baridi hii, tafadhali usipikie mkaa ndani umefunga mlango. Kichwa kikiuma au ukisikia kizunguzungu, toka nje, nenda hospitali.