Alama ya @ inatoka kama nukuu

Ndugu, usikimbilie kununua kibodi mpya. Umesema ukibonyeza Shift na 2 upate @ unapata alama ya nukuu, na @ yenyewe imehamia kwenye kitufe cha nukuu. Hiyo si kibodi mbovu: kompyuta inaisoma kwa mpangilio wa Uingereza, wakati vitufe vyako vimechapwa kwa mpangilio wa Marekani. Ingekuwa Z na Y zimebadilishana, ningesema Kijerumani. A na Q, Kifaransa.

Tazama chini kulia, karibu na saa. Nadhani utakuta ENG na UK chini yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi. Ikitokea US, jaribu tena @.

Isipotokea, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya saa na lugha, fungua lugha, kisha chaguo za Kiingereza. Ongeza kibodi ya Marekani kwanza, halafu ndipo uondoe ya Uingereza, maana mpangilio ukiwa mmoja tu hauondoki. Usiache yote miwili "kwa tahadhari": mkono ukigusa vitufe vya kubadili mpangilio kwa bahati mbaya, mpangilio unageuka kimyakimya, nawe unarudi kulekule.

Nywila ikikataliwa baadaye na ina alama kama @, angalia mpangilio kwenye ukurasa wa kuingilia kabla ya kuibadilisha. Nao huonyeshwa pale pale chini kulia.