Kwa aliyepata kazi Tirol: dhoruba ikipita, hatari ya theluji mlimani ndiyo kwanza imeanza

Ndugu yetu wa Chake ameuliza: amepata kazi ya hoteli Tirol, Austria, kuanzia Disemba, na wenzake wanataka kumpeleka mlimani siku ya mapumziko. Je, dhoruba ikishapita hatari imekwisha? Na simu ya kuitia msaada inatosha? Haijaisha, na haitoshi. Hatari yenyewe ni poromoko: theluji ya mteremkoni hukatika, ikashuka kwa pamoja na kufukia watu.

Sisi watu wa bahari tumezoea kwamba upepo ukitulia chombo kinatoka. Mlimani hesabu ni nyengine. Siku ya kuogopa ni ile ya kwanza ya jua baada ya theluji nyingi, mbingu buluu na kila mtu anatamani kutoka. Sentimita 30 zikianguka ndani ya siku moja, tena na upepo, zinataka siku mbili tatu kushikana, na baridi kali huchelewesha zaidi.

Kuliko wingi wa theluji, uliza upepo ulivuma kutoka wapi. Aliyeona Paje wakati wa kusi namna mchanga unavyorundikana nyuma ya ua wa makuti keshaelewa nusu ya somo: upande unaopigwa unakwanguliwa, upande uliokingwa unajaa. Nyuma ya kigongo cha mlima theluji hufanya vivyo hivyo, ila hujigandamiza ikawa bamba zito. Chini ya bamba pengine limelala tabaka la zamani la chembe zisizoshikana, kama sukari. Mwaga sukari juu ya sinia, weka kipande cha mkate wa kumimina, kisha inua sinia upande mmoja. Mkate hauteremki kidogo kidogo. Unaondoka wote mara moja. Katika ajali nyingi aliyelikata bamba ni yule yule aliyefukiwa, au mwenzake waliyekuwa pamoja.

Bamba hukatika kwenye mteremko wa kuanzia nyuzi 30 hivi, na mengi ni kati ya 35 na 40. Macho hudanganya, kwa hiyo pima kwa fimbo zako mbili za kutembelea, ziwe na urefu sawa. Laza ya kwanza kwenye theluji kufuata mteremko, uache alama yake. Ncha ya juu ibaki pale pale, inua mwisho wa chini, na kutoka hapo ning'iniza fimbo ya pili wima kabisa mpaka iguse theluji. Ikigusa penye mwisho wa chini wa ile alama, ni nyuzi 30. Ikigusa chini zaidi, mteremko ni mkali kuliko hapo, rudi. Na uwanda ulio chini ya mteremko mkali usiuhesabu kuwa salama, kwani theluji ikishaondoka hufika mbali. Galtür, huko huko Tirol, tarehe 23 Februari 1999 poromoko liliingia kijijini kwenyewe likaua watu 31. Barabara ikifungwa basi imefungwa, usitafute njia ya panya.

Taarifa ya hatari hutolewa kila siku saa kumi na moja jioni kwa ajili ya kesho, kwa ngazi ya 1 hadi 5. Wageni wengi hukosea kwenye 3. Wanaiona iko katikati, kama alama ya kupasi skuli. Ngazi 3 ni hatari kubwa, na watu wengi hufa humo kwa sababu bado wanathubutu kutoka. Mgeni ikiwa 3 asikanyage wala asipite chini ya mteremko unaozidi nyuzi 30. Ikiwa 4 abaki kwenye njia zilizofunguliwa rasmi. Mkisikia chini ya miguu kishindo kizito, kama kitu kimeketi, au mkaona ufa unakimbia mbele ya kiatu, hapo hakuna mjadala tena, rudini.

Vifaa ni vitatu na kila mtu awe na vyake: kifaa cha mawimbi ya redio kinachotoa na kupokea ishara ili aliyefukiwa apatikane (wenyeji hukiita LVS, hutumia 457 kHz), ufito wa kukunjwa wa kudungia usiopungua sentimita 240, na chepe la chuma. LVS huvaliwa ndani ya koti na huwashwa kabla ya kuondoka. Simu ikae mbali nacho, angalau sentimita 20, na 50 wakati wa kutafuta, la sivyo inakivuruga. Sababu ya yote haya ni muda. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 karibu kila mara hutoka hai. Nusu saa ikipita wanabaki kama theluthi. Helikopta haiwahi, mnawahi nyinyi mliosimama pale.

Mtu akifukiwa, mmoja apige 140 (waokoaji wa mlimani) au 112 (dharura), waliobaki wageuze LVS zao kwenye kutafuta. Fuateni namba ya kwenye kioo chake inavyopungua, ndiyo umbali kwa mita. Ikifika 3, teremsha kifaa mpaka kwenye theluji, nenda taratibu, tafuta namba ndogo kabisa. Dunga ufito kwa pembe mraba na mteremko, ukizunguka kwa hatua za sentimita 25, na ukigusa mtu usiuchomoe. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachimba kutoka juu na kumshindilia. Shuka chini ya ufito umbali kama wa kina alichofukiwa, chimba kuelekea kwake kwa ubavu, uso na kifua kwanza.

Dhoruba yenyewe ina mambo yake. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inaonja kama 21 chini ya sifuri. Pamba ikilowa haikauki. Vaa sufu mwilini. Mkikwama ndani ya gari, injini isiwashwe kabla ya kufukua theluji kwenye ekzosi, maana moshi hurudi ndani, na gesi ya sumu iliyomo (karboni monoksidi) haina harufu ya kukushtua.

Kabla ya kukubali mwaliko, waulize wenzako LVS ziko ngapi. Wakisema ipo moja ya kuchangia, waambie mtembee bondeni.