Senti 10 yenye tundu, mwaka 1943

Ndugu, umeuliza kama sarafu ya tundu uliyoikuta kwenye kibweta cha babu, ya senti 10 mwaka 1943, ni ya Tanganyika. Ni ya Afrika Mashariki nzima. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao London. Shilingi yake ilianza 1921, Zanzibar ikaingia 1936 ilipoacha rupia.

Itazame vizuri. Tundu lilichukua nafasi ya kichwa cha mfalme, ndiyo maana utaona taji tu, na kuzunguka ukingo jina la George wa Sita kwa Kilatini pamoja na cheo chake cha mfalme mkuu wa India. Upande wa pili, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Mimi hapo ndipo huwa nasimama: pembe zetu, taji lao.

Shilingi ya Tanzania ilikuja Juni 14, 1966, kwa thamani ileile, moja kwa moja na shilingi ya Afrika Mashariki. Nyerere mbele, nyuma samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye 20, sungura kwenye 50, Mwenge kwenye shilingi.

Tafadhali usiisugue ing'ae, utaiharibu.